Niletee Rafiki Yako Kwanza

Mzee hakutaka kuwaona wazee wa kwetu. Hakuniuliza kabila langu, wala kipato changu, wala nyumba ninayolala. Aliweka kikombe chake chini, akanitazama, akasema, "Wazee watakuja baadaye. Wao wakija watakusifu, ndiyo kazi yao. Wewe niletee rafiki yako kwanza."

Nilikuwa nimeenda kwake, mtaa wa Section 58, kwa sababu nilitaka kumwoa binti yake. Ukweli ni kwamba sikuwa nimelisema hilo kwa mdomo wangu. Mjomba wangu alikuwa amempigia simu, na mzee akajibu kwamba kijana aje mwenyewe. Basi nikaja. Nilikaa kwenye ukingo wa kochi nililolitengeneza kwa mikono yangu, nikatoa salamu, na baada ya salamu maneno yakaniishia.

Mimi ni fundi wa makochi. Kibanda changu kiko Rhonda, kando ya barabara, na tangu nilipomaliza darasa la nane nimekuwa nikikata sponji na kupigilia vitambaa. Ni kazi nzuri kwa mtu mwenye haya, kwa maana kochi halikuulizi kitu. Muda mfupi kabla ya siku hiyo, mke wa mzee alikuwa ameniita nikatengeneze makochi yao palepale nyumbani. Binti yao, ambaye hufundisha watoto wadogo katika madrasa, aliniletea chai, akaiangalia kazi yangu, akauliza, "Fundi, maua ya huko kwenu Rhonda huota yakitazama chini?" Nilikuwa nimepigilia kitambaa chote juu chini. Nilikifumua nikaanza upya, na wakati ninafumua nilijua kwamba nataka kuambiwa makosa yangu na mtu huyu maisha yangu yote.

Baba yake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu kabla ya kustaafu. Aliniambia kwamba barabarani alijifunza jambo moja, na aliposoma dini vizuri akalikuta humo pia: mtu hufuata mwendo wa rafiki yake. Ukitaka kumjua usimwangalie yeye, mwangalie anayetembea naye.

"Una marafiki wangapi?" akauliza.

"Mmoja, mzee."

"Mmoja tu?"

"Ndiyo."

"Basi umenipunguzia kazi," akasema, na akachukua kikombe chake tena.

Nilitoka pale nimefurahi na kuogopa kwa pamoja. Nilifurahi kwa sababu hakunikataa. Niliogopa kwa sababu rafiki niliyenaye si wa aina ambayo baba wa msichana angemchagua kwa kumtazama tu.

Rafiki yangu huvuta mkokoteni. Yeye ndiye anayepeleka makochi yangu kwa wateja, na wakati mwingine hubeba magunia ya viazi sokoni. Ni mtu mkubwa, mwenye sauti inayotangulia mkokoteni wake. Alizaliwa katika familia ya wakulima Wakristo huko juu, upande wa Molo, na akaja mjini kutafuta kazi. Mwaka mmoja, mwezi wa Ramadhani, tulipeleka mazulia msikitini pamoja. Jua likazama tukiwa bado tunayapanga. Mtu akampa tende na maji na kumwonyesha mahali pa kukaa, bila kumuuliza yeye ni nani. Kesho yake alirudi bila mzigo. Akaanza kuniuliza maswali kibandani, na mimi ambaye huwa sizungumzi nikalazimika kujibu. Mengine nilikuwa siyajui, nikaenda kuyauliza ili nije nimjibu. Siku alipotamka shahada na kuwa Mwislamu, watu walimkumbatia, wakampongeza, kila mmoja akaenda kwake. Mimi nilibaki, kwa sababu alihitaji mtu wa kusimama ubavuni mwake katika safu, amtazame anavyoinama na anavyosujudu.

Hivyo ndivyo urafiki wetu ulivyoanza. Wako watu wanaokutana kwa sababu wametoka kijiji kimoja au wanasaidiana katika biashara. Sisi hatukuwa na kitu kama hicho. Kilichotuunganisha ni kwamba kila mmoja alitaka mwenzake awe mtu mwema mbele ya Mungu, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anataka hivyo.

Nilipomwambia kwamba mzee anataka kumwona, alicheka hadi wateja wa kibanda cha chipsi wakageuka. Alisema hajawahi kusikia mtu akiombewa mke na mvuta mkokoteni. Lakini Ijumaa tuliyopangiwa ilipofika alikuja amevaa kanzu ya kuazima iliyomwishia juu ya vifundo vya miguu, amejipaka mafuta, na ananukia udi mwingi kiasi kwamba mbwa wa jirani alipiga chafya.

Kule kwa mzee aliharibu kila kitu kwa nia njema. Alinisifu tangu tulipokaa hadi chai ilipopoa. Alisema sijawahi kusema uongo, sijawahi kukasirika, sijawahi kumchelewesha mteja. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, na kila sifa ilipoongezwa nilizidi kuzama kwenye kochi.

"Mzee, huyu jamaa ni malaika aliyepewa nyundo," akamalizia.

Mzee hakutabasamu. Alimwomba amtajie ila yangu moja tu, kasoro hata ndogo.

Rafiki yangu alinitazama, akatazama dari, akajikuna shingo. "Labda hula kidogo," akasema.

"Mmejuana miaka yote hiyo hujaona ila?" mzee akauliza. "Basi ama wewe ni kipofu, ama unaniuzia gari bovu lililopakwa rangi. Mmewahi kusafiri pamoja?"

Tulitazamana. Hatukuwahi. Tulikuwa tumezunguka Rhonda, Kaptembwo na mjini na mkokoteni mpaka magurudumu yakaisha, lakini hatukuwahi kulala safarini, wala kupotea njia, wala kukosa chakula pamoja.

Mzee akasema kwamba hapo ndipo penye tatizo. Nyumbani kila mtu ana adabu. Safarini, njaa na uchovu humvua mtu nguo zote za tabia. Binti yake mkubwa alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na kondoo wawili wa akika, sadaka ya kuchinja kwa ajili ya mjukuu huyo mchanga, walikuwa wamekwisha kununuliwa kwa mfugaji mmoja juu kule Mau Narok, rafiki yake wa zamani. Sisi tukawalete. Kwenda, tungeweza kupanda gari. Kurudi, ni kwa miguu.

"Gari si safari," alisema. "Mimi nimeendesha miaka mingi, ninajua. Safari huanza gari likiharibika."

Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba tukirudi atauliza swali lilelile, na jibu atakalopata ndilo litakaloamua. Kama hatalipata, nisirudi tena nyumbani kwake kwa jambo hilo. Nyuma ya pazia la mlango wa jikoni nilisikia sufuria ikiwekwa chini taratibu sana, kama mtu anayetaka kusikia vizuri.

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Kabla ya kutoka msikitini nilimkumbusha rafiki yangu kwamba dini yetu inawafundisha wasafiri wachague amiri, yaani kiongozi wa safari, ambaye neno lake ndilo la mwisho ili watu wasigombane njiani. Nilisema hivyo nikiwa nimekwisha kumchagua yeye moyoni. Ni mkubwa, ana sauti, anaongea na kila mtu.

Akasema, "Amiri ni wewe."

Nilimwambia kwamba watu wawili tu huenda hawahitaji amiri.

"Tuko wawili na kondoo ni wawili. Tunatosha," akasema. "Mimi ninaweza kuvuta. Kuongoza bado sijafundishwa. Tuambie, boss, tunaenda wapi?"

Lori tupu la viazi lilitupandisha hadi juu. Mau Narok ilikuwa imefunikwa na ukungu, baridi ya kung'ata masikio, mashamba ya ngano pande zote. Mfugaji alitupa uji wa moto, akatukabidhi kondoo wawili weupe, kila mmoja na kamba yake, akatuonyesha barabara ya kushukia Njoro. Alisema tuifuate hiyohiyo, tusiiache.

Mchana tulifika mahali barabara inapopita katikati ya soko la viazi. Malori yalikuwa yamejipanga, wapakiaji wanaimba, madalali wanapiga kelele, na wote walikuwa wanatuangalia sisi na kondoo wetu. Kushoto palikuwa na njia ndogo iliyopita pembeni ya mashamba, tupu kabisa. Nilisema tupite hapo, ni njia ya mkato.

Rafiki yangu alisimama. "Mfugaji alisema tusiache barabara," alisema. "Lakini wewe ndiye amiri." Nilirudia kwamba tupite kushoto. Alivuta kamba ya kondoo wake, akanifuata.

Ile njia haikuwa mkato wa kwenda popote. Ilizunguka shamba moja, ikaingia jingine, ikateremka kwenye bonde lenye majani marefu, na humo ikapotea. Mvua ikaanza. Kondoo wangu alirukia mahali palipoonekana kama nyasi, na pale hapakuwa nyasi, palikuwa tope jeusi. Alizama mpaka tumboni. Nilivuta kamba, naye akazidi kushuka, akilia kwa sauti kama ya mtoto, na mimi nikiona ndoa yangu ikimezwa na matope mbele ya macho yangu.

Rafiki yangu alinipa kamba yake. Akavua viatu, akaingia kwenye tope hadi mapajani, akapitisha mikono chini ya yule mnyama, na kama anavyoinua gunia sokoni, akamtoa. Alipotoka alikuwa mweusi kuanzia kiunoni kwenda chini. Aliketi kwenye jiwe akihema. Nilingoja aseme, "Si nilikwambia?" Mtu yeyote angesema. Hakusema. Alichuma majani, akaanza kumfuta kondoo miguu.

Tulipofika mahali pasipo na tope, mvua ikiwa imekatika, tulitawadha kwenye kijito na kuswali. Baada ya salamu ya kumaliza swala alibaki ameketi kwenye majani akinielekea. Sauti yake haikuwa ile ya barabarani.

"Nikwambie kitu?" akauliza.

"Niambie."

"Wewe hukuchagua njia. Ulikwepa watu. Uliona lile soko ukaogopa wangetuuliza maswali, basi ukaita woga wako uamuzi. Nimeona ukifanya hivyo mara nyingi. Mteja akija na maneno mengi unapunguza bei ili aondoke. Leo karibu uzamishe kondoo wa watu. Kesho utakuwa na mke, utamzamisha yeye ili usiongee na mtu?"

Iliniuma. Nilitaka kumjibu kwamba yeye naye ana lake, ananukia udi kama duka. Lakini nilijua kwamba ni kweli, na nilijua pia alivyonitazama aliposema. Hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia. Alikuwa amengoja tukae peke yetu, tena baada ya kuswali, tena akiwa na tope langu nguoni mwake. Mwalimu wetu wa madrasa alizoea kutufundisha kwamba rafiki muumini ni kioo. Kioo kikikuonyesha doa la usoni hakikuchukii, na ukishaondoka mbele yake hakimsimulii anayefuata kile kilichokiona kwako. Nilikuwa nimelikariri somo hilo tangu utotoni. Maana yake niliipata pale, kwenye majani yaliyolowa.

"Ni kweli," nikasema. "Ahsante."

"Sasa tuambie, amiri. Tunalala wapi?"

Kulikuwa na nyumba ng'ambo ya bonde, moshi ukitoka jikoni. Tulivuka, na tulipofika uani nilimwambia abaki na kondoo. Nilienda mwenyewe hadi mlangoni, nikasema hodi. Hakuna aliyejibu. Nikasema tena.

"Nani huyo anabisha hodi kama anaiba?" sauti ya mwanamke ikauliza kutoka ndani.

Nikavuta pumzi, nikasema kwa nguvu, "Hodi, mathe! Sisi ni wasafiri, tumepotea njia, na tuna kondoo wawili!" Nilishtuka kusikia sauti yangu ikigonga mabati na kurudi.

Alitoka mama mmoja mwenye leso kichwani, na mumewe nyuma yake ameshika tochi ingawa bado kulikuwa na mwanga. Aliuliza kama kondoo hao wana mwenyewe au wametembea tu wakatufuata. Nilimweleza yote, kuanzia mjukuu na akika hadi tope. Nilieleza kwa urefu ambao sijawahi kumweleza mtu mgeni. Mama akamtazama rafiki yangu, aliyesimama nyuma amefunga mdomo, akamuuliza mbona mtu mkubwa hivyo haongei.

"Mwenye kauli ni huyu, mathe," akasema. Kwa mtu anayeongea hata na nguzo za stima, huo ulikuwa mzigo mzito kuliko gunia lolote.

Walitupokea. Kondoo walifungwa zizini pamoja na kondoo wao. Mama alituletea maji ya moto, akauliza kama tunayataka ya kuoga tu au na ya kuombea, maana alijua Waislamu hunawa kwanza. Kabla ya kula, mzee wa nyumba aliomba kwa imani yao, na sisi tulinyamaza kwa heshima mpaka akamaliza. Kisha tulisema bismillahi yetu tukala viazi na kabichi mpaka jasho likatutoka. Rafiki yangu aliniuliza kwa macho kama sasa anaruhusiwa kuongea. Nilimruhusu, na watu wa nyumba ile walicheka hadi wakashika mbavu.

Asubuhi nilimuuliza baba mwenye nyumba njia, nikamwomba airudie mpaka nikaielewa. Tulirudi kwenye barabara kuu. Kuanzia pale nilisalimia watu wote. Niliwauliza wachuuzi, wapakiaji, wanafunzi, polisi mmoja kwenye kizuizi. Kila nilipouliza nilihisi kitu kifuani kikilegea, kama mshono uliokazwa mno ukikatwa uzi mmoja mmoja. Tulilala msikitini Njoro. Siku iliyofuata tulipita Kiamunyi watu wakituita kutoka malangoni, "Buda, hao mnauza?" Nami ndiye niliyekuwa nikijibu, "Hawauzwi, boss. Wana mwaliko."

Tulifika kwa mzee alasiri. Alikuwa ameketi nje. Hakutuangalia sisi, aliinama akaangalia kwato za kondoo, mmoja baada ya mwingine, akapapasa mbavu zao. Kisha akatukaribisha sebuleni vilevile tulivyo, na vumbi letu.

"Nani alikuwa amiri?" akauliza. Alimtazama rafiki yangu alipouliza.

"Mimi," nikasema.

Nyusi zake zilipanda. Halafu akamgeukia rafiki yangu. "Haya. Siku ile nilikuomba ila moja ukakosa. Sasa umesafiri naye. Umeiona?"

"Nimeiona, mzee."

"Nipe."

Rafiki yangu alikuwa ameketi sakafuni, kwa sababu alikataa kuchafua kochi. Aliweka mikono magotini. "Nimempa mwenyewe," akasema. "Njiani."

"Ninakuuliza mimi."

"Ninajua, mzee. Kama angekuwa na ila ya kumdhuru binti yako ningekwambia sasa hivi, hata kama angenichukia mpaka kufa. Angekuwa mlevi ningesema. Angekuwa na mkono mwepesi wa kupiga ningesema. Hiyo haipo, na Mungu ni shahidi. Iliyopo ni ya kwake na mimi."

"Na nikikwambia kwamba bila jibu simpi?"

Rafiki yangu anajua nilivyomtaka msichana yule. Yeye ndiye aliyenisikiliza kibandani jioni zote nilizojifanya ninapima kitambaa.

"Basi nisamehe, mzee, na yeye anisamehe," akasema. "Tutarudi Rhonda wote wawili. Nikikuuzia siri yake leo, atapata mke na atakuwa hana rafiki. Na wewe utakuwa umemkaribisha nyumbani kwako mtu ambaye rafiki yake huuza siri."

Nje kondoo mmoja alilia. Mzee alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe, ile mikono mikubwa iliyozoea usukani, na sikuweza kusoma uso wake. Nilielewa kwamba rafiki yangu alikuwa amefika mwisho wa kile anachoweza kunifanyia. Alikuwa amenilinda hadi mlangoni. Mlango wenyewe ulikuwa wangu.

"Mzee," nikasema, "hiyo ila ni yangu, kwa hiyo nitaisema mimi. Mimi hukwepa watu. Huona aibu kuongea, na kwa sababu ya aibu hiyo nilipotea njia, na kondoo wako mmoja alizama kwenye tope. Huyu ndiye aliyemtoa. Aliniambia kosa langu tukiwa peke yetu, na tangu hapo nimekuwa nikijaribu kuliacha. Ndiyo maana ninasema na wewe sasa. Sikuja kuleta kondoo tu. Nimekuja kuomba kumwoa binti yako, ikiwa wewe umeridhika na ikiwa yeye mwenyewe anataka. Siku ile nilikuja na sikuweza kulisema. Leo nimelisema."

Sauti yangu haikutetemeka. Niliisikia ikijaa chumba, na haikunitisha.

Mzee aliinua uso. Macho yake yalikuwa yamelowa, ingawa baadaye alidai kwamba ni udi wa rafiki yangu ambao haukutoka hata kwa tope.

"Nimebeba watu wengi kwenye lori," akasema. "Wengi walinieleza mabaya ya wenzao kabla hatujafika mji wa pili. Huyu nimemkaba hapa na hajatoa kitu. Mtu mwenye rafiki wa namna hii si maskini." Kisha akaita jikoni, "Mama, muulizeni mwenyewe."

Katika desturi yetu msichana akiulizwa na akanyamaza kwa haya, kunyamaza kwake huhesabiwa kuwa ni kukubali. Tulisikia mama akiuliza. Hatukungoja kunyamaza kokote.

"Nimekubali, baba," sauti yake ikasema kutoka nyuma ya pazia, wazi kabisa. "Ninalisema kwa mdomo wangu, mtu asije akadhani nilinyamaza."

Rafiki yangu alipiga takbiri, "Allahu Akbar!", iliyowashtua kuku wa nyumba ya pili. Mama alipiga kigelegele, majirani wakaitikia bila kujua ni cha nini, na mzee akasimama akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Aliagiza wazee wetu waje Jumapili, na akasema kwa msisitizo kwamba siku hiyo rafiki yangu asiketi sakafuni.

Tulitoka jua likiwa bado juu. Section 58 ilikuwa na shughuli zake, watoto wanatoka shule, mwanamke anauza mahindi ya kuchoma, vijana wanaosha gari wakisikiliza muziki. Tulitembea kuelekea Rhonda. Kuna jambo ambalo dini yetu inatuhimiza na ambalo mimi, kwa aibu yangu, sikuwahi kulitimiza. Ukimpenda mwenzako kwa ajili ya Mungu, usimfiche. Mwambie. Nilikuwa nimemfundisha rafiki yangu kutawadha, kuswali, dua za kulala na za kuamka. Hilo sikumfundisha, kwa sababu kumfundisha kungekuwa ni kulisema.

Nilisimama katikati ya njia.

"Nakupenda kwa ajili ya Mwenyezi Mungu," nikamwambia.

Vijana wa kuosha gari waligeuka. Mwanamke wa mahindi aliacha kupepea jiko lake. Rafiki yangu alinitazama, mtu mzima mkubwa mwenye tope lililokauka nguoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikosa utani.

"Hapo hujibiwa nini?" akauliza polepole.

Nilimfundisha. Hujibiwa kwa dua: "Akupende yule ambaye umenipenda kwa ajili yake." Alijaribu maneno hayo chinichini mpaka yakakaa sawa. Kisha akajaza kifua, akayasema kwa ile sauti yake inayotangulia mkokoteni, na barabara nzima ikayasikia, nami sikuinamisha kichwa.